Habari Niliyochelewa Kuipeleka Gando

Nilikwenda Pemba kwa sababu nilikuwa nimeficha kifo. Nalisema hilo kwanza, kabla ya bahari na barabara, ili wenzangu wa Muheza mnaosoma haya msije mkadhani nilikwenda kutembea, kama nilivyowaaga baadhi yenu.

Mama yetu, Felista, alifariki mwezi wa nane, nyumbani kwangu, akiwa amepita miaka themanini. Watoto wake tuliokua tulikuwa wawili tu: mimi Hilda, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na mdogo wangu Eva, niliyemzidi miaka kumi na miwili. Eva alikuwa mshonaji pale Tanga mjini. Huko akakutana na fundi seremala wa Kipemba aitwaye Kombo, wakapendana, akasilimu, akaolewa, wakahamia Gando, upande wa Wete. Akawa Hawa. Watu walinieleza kwamba jina ni lilelile, Eva na Hawa, lakini sikutaka kusikia. Miaka kumi na minne nilimwita Eva kwenye simu, naye akaitika bila kunisahihisha.

Mama alipofariki sikumpigia. Niliogopa angekuja na mumewe na wakwe zake, kofia na mabuibui, wakasimama katika makaburi ya kanisa mbele ya padri na akina mama wenzangu, na watu wakasema, kumbe nyumba ya mzee wa kanisa ndiyo hii. Ndugu waliponiuliza, nikawaambia nimempa habari naye kasema hawezi kuja. Wakamsema vibaya. Mjomba Stefano alisema mbele ya jeneza kwamba mtoto asiyemzika mamaye si mtoto. Nilisikia, nikaendelea kupanga maua.

Baada ya hapo kila wiki ilitaka uongo wake. Eva alipiga akiuliza, "Mama hajambo?" Nikajibu, "Hajambo, amelala." Wiki nyingine nikasema masikio yake hayashiki tena simu. Mwezi wa kumi akampa msafiri alete doti moja ya kanga za mama, na karafuu za kumchemshia kwa kile kikohozi chake. Nilizipokea kwa mkono wangu. Karafuu nilizitia katika pilau ya Krismasi. Kanga moja niliivaa.

Jumatano ya Majivu, padri alinipaka majivu kwenye paji la uso. Nakiri kwamba siku hiyo nilikuwa naipenda kila mwaka. Nilipenda kupita sokoni na alama yangu, watu wanione. Jioni simu ikalia.

"Dada, tumeamua," Eva alisema. "Ramadhani ikiisha, baada ya Idi, tunakuja kumchukua mama. Akae kwetu walau miezi mitatu, nawe upumzike."

"Vema," nikasema.

Kwaresima ile nilifunga kuliko miaka yote. Niliacha nyama, nikaacha sukari, nikaacha chakula cha mchana. Nilikonda, na wenzangu wakanisifu. Katikati yake Ramadhani ikaanza, nikawa nawaza kwamba Eva naye amefunga, sisi wawili tuna njaa saa zilezile, yeye kwa heshima na mimi kwa hofu. Juma la tano, misalaba ilipokwisha kufunikwa vitambaa vya zambarau, nilikwenda kuungama.

Padri wetu ni kijana. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, darasa la kwanza. Nilipiga magoti mbele ya mtoto niliyewahi kumpangusa kamasi, nikamweleza yote.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "mdogo wako anajua?"

"Hajui."

"Basi nenda ukamwambie kabla ya Pasaka. Sitakupa zaburi za kusali. Kitubio chako ni safari hiyo."

Jumatatu ya Juma Kuu, saa tatu asubuhi, nilipanda meli bandarini Tanga. Nilikuwa na begi moja. Ndani mlikuwa na nguo zangu, Kitabu cha Sala, msalaba wa kuti kutoka Jumapili ya Mitende, na zile kanga mbili, moja bado mpya na nyingine imechujuka. Nilimpigia Eva jana yake kwamba nakuja. Alipiga kelele za furaha, kisha akauliza mama atabaki na nani. Nikamjibu kwamba yuko mahali salama. Si uongo, nilijiambia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefika, kupima uongo wangu kwa kijiko.

Bahari ilikuwa tulivu na anga lina mawingu mazito ya masika. Karibu nami aliketi mama mmoja wa Wingwi, kaskazini ya Pemba, aliyekuwa anarudi na ndoo za plastiki za dukani kwake. Alikuwa mchangamfu ijapokuwa amefunga.

"Wenda kwa nani huko kwetu?" akaniuliza.

"Kwa mdogo wangu, Gando."

"Mashaallah. Na mama yenu yuhai?"

Yule mama hakunijua. Hangeniona tena maishani. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye ningeweza kujifunzia kusema ukweli, ni yeye. Nikamjibu, "Yuhai, anasalimia."

"Mungu amuweke," akasema, akafumba macho apumzike.

Nilitazama maji. Nilikuwa nimefunga siku zaidi ya thelathini, nimeungama, niko njiani kwenda kutubu, na bado ulimi wangu ulikimbilia kulekule. Hapo ndipo nilipoanza kujiogopa.

Saa nane mchana tulishuka Mkoani. Kombo alikuwa ananingoja na gari ndogo ya mizigo ya jirani yake, ambayo huko huiita keri. Sikuwa nimemwona tangu walipokuja kuniaga Muheza kabla ya kuhama, siku niliyowapokea uani bila kuwakaribisha ndani. Ndevu zake zimeingia mvi. Alinipokea begi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shemegi. Poleni na safari."

Nikaitikia. Alinifungulia mlango wa mbele, akafuta kiti kwa kitambaa chake.

Barabara kutoka Mkoani hupanda na kushuka vilima, mikarafuu huku, migomba kule, na ardhi nyekundu iliyolowa. Tulipofika Mtambile, Kombo akasimamisha gari mbele ya duka, akashuka, akarudi na dafu lililotobolewa na mkate wa mofa katika karatasi.

"Kula, shemegi. Hawa kanambia mgeni asishindishwe na njaa kwa sababu yetu."

"Nami nimefunga," nikasema. "Kwaresima."

Alifurahi kama nimempa zawadi. "Basi tumefunga sote! Hii itakaa mpaka magharibi." Akaliweka dafu katikati yetu kwa uangalifu, lisimwagike.

Tulipopita Chake Chake akaanza kunieleza mambo ya nyumbani. Alisema wameongeza chumba. Amekijenga kwa mkono wake, madirisha mawili, na kitanda amekichonga kifupi kuliko kawaida, kwa kuwa Hawa alimwambia magoti ya mama hayapandi. Chooni ametia vishikio vya mbao.

"Na Jumapili nitampeleka Wete kanisani mwenyewe," akasema. "Nimeshakwenda kuuliza. Misa yao saa tatu. Nimemwambia yule katekista, nitakuletea bibi, mmtafutie kiti chenye mgongo."

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua. Badala yake nikasema, "Umejisumbua sana, shemeji."

"Mama hana usumbufu," akajibu.

Gando tulifika kabla ya magharibi. Hawa alitoka mbio, akanikumbatia mpaka nikayumba. Amenenepa kidogo, na akicheka ni sura ya mama kabisa. Alinishika mkono, hata maji sijanywa, akanipeleka kuona chumba. Kitanda kile kifupi kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe. Ukutani, kwenye msumari, hapakuwa na kitu. "Huo ni wa msalaba wake," akasema. "Nimemwambia Kombo, mama halali bila msalaba kichwani. Nimekosea?"

"Hukukosea," nikasema.

"Basi lala humu wewe kwanza, ukijaribu godoro."

Tulifuturu pamoja. Palikuwa na uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, na samaki wa kupaka. Bi Mize, mama yake Kombo, mwanamke mfupi asiyesikia vizuri sikio moja, alinikalisha karibu naye akawa ananisogezea sahani. Mimi nililala siku mbili katika kitanda cha marehemu, nikala futari ya watu niliowaona hawafai kusimama kaburini. Jumatatu sikusema. Jumanne sikusema. Kila nilipojiandaa, ama mtu aliingia, ama Hawa alicheka. Kweli ni kwamba hata kama watu wasingeingia naye asingecheka, bado nisingesema.

Jumatano, saa nne asubuhi, Hawa alitoa cherehani barazani, na kitambaa cha rangi ya maziwa chenye maua madogo ya buluu.

"Simama hapa, dada. Namshonea mama gauni la kuja nalo. Wewe na yeye mwili mmoja, ila yeye mabega yamedondoka."

Nikasimama. Akanizungushia futi yake ya kupimia mabegani. Alikuwa na pini mdomoni. Vidole vyake viligusa shingo yangu, na vilikuwa vinapima mtu niliyemwosha mwenyewe na kumvika nguo ya mwisho.

"Eva," nikasema, "usiikate nguo hiyo."

"Hataipenda rangi?"

"Mama amefariki."

Futi ikabaki mabegani mwangu. Alitoa pini mdomoni moja moja.

"Wamepiga simu? Sasa hivi?"

"Hawakupiga. Alifariki mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane upi?"

Sikuweza kumtazama. "Uliopita, Eva. Nilimzika mimi. Sikukwambia."

Alikuwa anahesabu. Nilimwona akihesabu kwa midomo, simu zote zile, wiki zote. Kisha akaniuliza swali moja nililokuwa nimeomba asiliulize.

"Aliniulizia?"

Hapo ningeweza kumdanganya, na watu wengi wangesema ni huruma. Nilishangaa kuona kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekwisha kuiva. Nikaumeza.

"Siku tatu za mwisho alikuwa anauliza, Eva amefika? Nikamwambia uko njiani."

Hawa aliketi chini sakafuni, taratibu, akishika mguu wa cherehani.

"Kwa hiyo alikufa akiningoja."

"Ndiyo."

"Na ndugu, wanasemaje mimi sikuja?"

"Niliwaambia nimekupa habari ukakataa."

Niliingia chumbani nikatoa zile kanga. Nilidhani kuzirudisha ni sehemu ya toba. Alizipokea, akaikunjua ile iliyochujuka, akainusa.

"Hii aliivaa?"

"Niliivaa mimi."

Aliikunja tena, kona kwa kona, kama vile mteja atakuja kuichukua.

"Dada, ondoka mbele yangu. Tafadhali. Nimefunga."

Nilielewa. Alikuwa na maneno ya kuniambia, na kwa ajili ya saumu yake hakutaka yatoke. Mimi saumu yangu iliniondolea sukari tu.

Nilikaa nyuma ya nyumba, karibu na mabanda ya mbuzi, mpaka adhuhuri. Aliyekuja kunitoa ni Bi Mize. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Inuka," akasema. "Ntu kafiwa, wewe wakaa na mbuzi?"

"Bi Mize, ni habari ya zamani. Nimefanya jambo baya."

"Ubaya wako nimeambiwa. Lakini kilio hakina zamani. Habari ikifika leo, ntu kafa leo. Ndani wanatandika mikeka."

Na kweli, kufika alasiri wanawake wa Gando walikuwa wamejaa. Waliketi kwenye mikeka, wakaingia mmoja mmoja kumshika Hawa mkono, na baada yake wakanishika mimi. "Pole, mwanangu. Mungu awape subira." Nilipokea pole arubaini, pengine hamsini, kwa mama niliyekwisha kumlia na kumaliza. Nilingoja mtu aulize. Hatimaye mmoja aliuliza: mama kafariki lini hata msiende kuzika?

Nikajua sasa limefika. Hawa aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamevimba, na hakunitazama.

"Habari ilichelewa kunifikia," akasema. Hakuongeza neno.

Niliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Kama angenitangaza mbele ya wale wanawake, ningekuwa na kitu cha kuvumilia. Alinisitiri, na mimi nilikuwa nimemvua nguo mbele ya ukoo mzima. Jioni hiyo alinipakulia futari kama kawaida, akaiweka mbele yangu, akaenda kula upande wa pili.

Alhamisi Kuu nilifagia ua, nikateka maji, nikaosha vyombo vya wageni waliokuwa bado wanakuja. Hatukusemezana.

Ijumaa Kuu, Kombo alinipeleka Wete. Yeye alikwenda kuswali Ijumaa, mimi nikangoja kivulini hadi saa tisa ibada ilipoanza. Kanisa ni dogo, kuta nene, madawati ya zamani. Waumini ni wachache: walimu, wauguzi, askari wawili na familia zao, karibu wote watu wa Bara waliopangiwa kazi huko. Katekista, mwalimu wa sekondari mwenye miwani, alinijia mlangoni akitabasamu.

"Karibu, mama. Shemeji yako aliwahi kuniambia wewe ni mzee wa kanisa. Utatusomea masomo leo?"

Miaka thelathini sijawahi kukataa kusoma. Nasoma vizuri, na najua nasoma vizuri.

"Leo siwezi, mwalimu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimemkosea ndugu yangu, na hatujapatana."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Basi keti pale dirishani," akasema. "Kuna upepo."

Nikaketi dirishani. Wakasoma habari ya mateso. Petro alipoulizwa kama anamjua yule mtu, akakana, nilimkumbuka yule mama wa Wingwi na ndoo zake. Miaka yote nimekuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara kwamba Petro alikana kwa hofu ya kuuawa. Mimi nani angeniua? Nilikana kwa hofu ya kutazamwa. Msikiti wa jirani uliadhini alasiri, msomaji akatua, akangoja, kisha akaendelea. Tulipokwenda kuuheshimu msalaba, wengine waliubusu. Mimi nilipiga magoti na kuugusa kwa paji la uso, pale palepale palipopakwa majivu, maana kinywa changu nilikuwa bado nakionea aibu.

Pasaka, alfajiri, nyumba nzima ilikuwa imeamka kwa daku. Nilipotoka chumbani nimevaa nguo nyeupe, nilikuta kwenye meza birika la chai, viazi vitamu, na sukari. Hawa alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni.

"Kwaresima yenu imekwisha leo, sivyo?" akaniuliza. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu Jumatano.

"Imekwisha."

"Kula basi." Akasita. "Huko kanisani, mtamwombea mama?"

"Huandikwa majina ya marehemu, yakasomwa."

"Waambie ana watoto wawili."

Saa tatu kanisani nilipewa kipande cha karatasi. Niliandika: Felista, mama wa Hilda na wa Hawa. Mkono ulisimama kidogo kwenye herufi ile ya mwanzo ya jina la Hawa, kisha ukaenda. Katekista alisoma kama nilivyoandika, kwa sauti, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Padri aliyekuja kutoka Unguja akatangaza kwamba Kristo amefufuka, nasi tukajibu kwamba amefufuka kweli. Niliimba na wenzangu. Sitawadanganya kwamba nilishukiwa na furaha. Katika somo wale wanawake walikwenda kaburini alfajiri wakiulizana nani atawaondolea jiwe, na mimi niliwaza kwamba jiwe la kaburi la mama yangu nililiviringisha mimi, binti yake mwingine akabaki nje.

Niliporudi nilimwita mdogo wangu barazani.

"Hawa," nikasema. Aligeuka haraka. Hakuwa amewahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. "Twende Muheza kaburini, wewe na Kombo, kabla ya Idi. Nami nitawaambia ndugu, ukiwapo."

"Utawaambia yote?"

"Yote."

"Na siku zile tatu?"

"Nazo."

Jumanne tulivuka kurudi Tanga, watu watatu. Hawa alikaa na mumewe, mimi nikakaa nyuma yao. Mvua ilipiga njia nzima, na maji yalikuwa yanapenya kwenye dirisha langu. Kombo aligeuka mara moja akanipa gazeti la kuziba.

Muheza, Jumatano saa nne asubuhi, niliwakusanya ndugu nyumbani kwangu, pamoja na Mama Anjela, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Nilisimama mbele yao, nikasema. Sauti yangu ya kusoma masomo haikunisaidia. Nilikwama mara kadhaa. Nilipomaliza, Mjomba Stefano, anayetembea kwa mkongojo, aliinuka bila kunitazama, akaenda hadi alipokuwa ameketi Hawa.

"Nilikutukana mbele ya jeneza la mama yako, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Sikujua." Akalia, mzee mzima.

Kisha tukaenda makaburini. Nilikuwa nimeliogopa jambo hili kiasi cha kutenda yote niliyotenda: mdogo wangu katika buibui lake na Kombo katika kofia yake, wamesimama kati ya misalaba ya saruji, na akina mama wa kanisa wanatazama. Walitazama kweli. Mama Anjela alivua viatu vyake vilivyojaa tope, akamkaribia Hawa, akamshika bega.

"Mama yako alikutaja kila Jumapili kwenye maombi," akamwambia. "Kwa sauti. Sisi sote tunakujua."

Mimi nilikuwa naketi benchi la mbele siku zote hizo. Sikuwahi kusikia, au nilisikia nikaona haya.

Hawa hakulia. Alichuchumaa, akaanza kung'oa majani yaliyoota juu ya kaburi, akiyakung'uta udongo na kuyaweka pembeni. Kombo akachuchumaa upande wa pili. Hakuna aliyenikaribisha, wala aliyenifukuza. Baada ya muda nikachuchumaa miguuni, nikaanza kung'oa nami.

Jumapili iliyofuata nilirudisha uzee wa kanisa. Padri aliniambia si lazima. Nikamwambia najua.

Siku ya kuwaaga pale Tanga, Hawa alinipa mkono. "Nimekusamehe kwa mdomo, dada," akasema. "Mungu anataka hivyo, na mwezi ni wa toba. Moyo sijui utafuata lini. Usinipigie. Nitakupigia mimi."

Kwa hiyo hili ndilo nililojifunza, kama ni lazima msafiri arudi na kitu. Aibu niliyoikimbia haikuwapo. Niliyonayo sasa nimeitengeneza mwenyewe, nami sitaki mtu aniondolee upesi. Miaka mingi nilihesabu Kwaresima kwa vitu nilivyoacha kula, na watu wa Gando, ambao hawaishiki Kwaresima, ndio walionionyesha mtu anavyofunga kinywa.

Idi ilipita bila simu. Pentekoste ikapita. Juzi, saa kumi jioni, ikalia, nami nikaiona namba yake nikaketi kwanza.

"Hujambo, dada?"

Nilitaka kusema sijambo, kama ilivyo desturi.

"Siko vizuri, Hawa," nikasema.

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Basi kaa kitako," akasema, "unambie."